Magari ya zamani na trekta ndogo: uyaone wapi, na kwa pesa gani

Masisi, wilaya ya mkoa wetu wa Kivu Kaskazini, Kongo, haina jumba la makumbusho ya magari. Wilaya jirani ya Walikale nayo haina. Goma ina sanamu yenye rangi ya dhahabu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyosimamishwa mwaka 2009 katikati ya mzunguko wa barabara, na mkoa mzima haujawahi kukipa chombo cha usafiri heshima zaidi ya hiyo. Basi fundi wa garaji wa Kitchanga, mwalimu wa Nyabyondo anayetaka kuwaonyesha wanafunzi injini ya kale, au kijana wa Mubi aliyekulia juu ya kamyo ya baba yake, akitamani kuona gari la miaka sabini lililopigwa rangi na kuandikiwa historia yake ubaoni, lazima atoke kwao. Na kabla ya kutoka, apige hesabu.

Katika hesabu hiyo kiingilio ndicho kitu kidogo kuliko vyote. Majumba mengi ya makumbusho ya Afrika Mashariki humtoza mtu wa ukanda huu dola chache tu. Pesa huishia njiani: pikipiki, basi, barieri, karatasi za mpaka, kitanda cha usiku na chakula. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walitoa hesabu ya vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili: 798, na 312 kati yake vikiwa Kivu Kaskazini. Anayepeleka maharagwe Sake kila wiki hahitaji kusomewa ripoti hiyo. Anaijua kwa mfuko wake.

Kwa sababu hiyo msimamo wangu katika ulinganisho huu ni mmoja. Usilipie safari kwa ajili ya makumbusho. Tazama kwanza ni safari gani ungeifanya hata hivyo, kwa biashara, kwa matibabu, kwa harusi au kwa kumsalimia ndugu kambini, kisha ulipie makumbusho yaliyo kwenye njia hiyo. Mtu akishika kanuni hii, orodha ya mahali pa kwenda inabadilika kabisa, na sehemu zinazosifiwa sana zinateremka chini.

Lazima pia tuseme hali ilivyo. Tarehe 4 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-Centre, tarehe 27 mwezi huohuo wakaichukua Goma, na tarehe 19 Machi wakafika Walikale-Centre kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na benki za mji nazo zikafunga milango. Wilaya hizi mbili, ambazo zamani zote zilitazama Goma kama mlango wao, sasa zinatazama pande tofauti: mtu wa Masisi anatokea mashariki, kwenye mipaka ya Uganda na Rwanda, mtu wa Walikale anatokea Lubutu na Kisangani. Kuwapa wote wawili ushauri mmoja ni kuwadanganya. Na kama njia yako wiki hii ina risasi, hakuna gari la kale linalostahili safari hiyo. Soma makala hii uiweke.

Tuanze na karatasi, kwa kuwa ndizo zinazoamua. Pasipoti ya Kongo iliwahi kuuzwa dola 185. Mwaka 2020 ikashushwa hadi dola 99, na mwaka 2025 serikali ikatangaza pasipoti mpya ya dola 75. Ni nafuu, lakini ofisi inayoitoa ni ya Kinshasa, na aliye Masisi leo hana ofisi hiyo karibu. Ongeza nauli ya kuifuata, na ile dola 75 itakuwa imeshakua. Habari njema iko upande wa viza. Kenya iliwaondolea Wakongomani viza kuanzia tarehe 1 Septemba 2023. Uganda ilifuta ada yake ya dola 50 kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Hayo yalikuja baada ya nchi yetu kukubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa mtu wa kawaida huenda ndiyo faida pekee ya Jumuiya anayoweza kuihesabu kwa vidole. Jeto ya mpakani, ile karatasi ya kuvukia Gisenyi kununua bidhaa na kurudi jioni, haikufikishi Kampala. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani. Kuisahau ni kufungua mazungumzo marefu na mtu mwenye mhuri.

Kwa mtu wa Masisi, mahali pa kwanza pa kufikiria ni Kampala. Ukitoka Goma kwa njia ya Rutshuru na Bunagana, mpaka ambao Uganda iliufungua tena Julai 2025, ni karibu kilomita 600 kupitia Kisoro, Kabale na Mbarara. Ukipita Gisenyi, Kigali na Gatuna, safari ni ndefu kidogo lakini lami ni nzuri mwanzo hadi mwisho, ila unavuka mipaka miwili badala ya mmoja. Wafanyabiashara wetu wa nguo, vipuri na simu wanaijua njia hii usiku na mchana. Kwao hesabu ni nyepesi: nauli imeshalipwa na mzigo, kitanda kimeshalipwa na mzigo, na kinachobaki ni boda ya kupanda kilima cha Kitante, yalipo makumbusho, na tiketi ya mlangoni.

Uganda Museum iko Kira Road. Ilianzishwa mwaka 1908, kwanza kwenye ngome ya Mwingereza Lugard huko Old Kampala, ikahamia Makerere, na mwaka 1954 ikapata jengo lake la sasa lililochorwa na Ernst May, msanifu Mjerumani. Wengi huenda kwa ajili ya ngoma na nyumba za asili zilizojengwa uani. Mpenda magari ana sababu yake tofauti: magari ya Ikulu yaliyowabeba watawala waliopita, likiwemo lile la zama za Idi Amin. Usitarajie ukumbi wenye zulia na taa za rangi kama maonyesho ya Dubai. Haya ni magari yaliyozeeka kwa haki yake, na kwa jicho la fundi hilo ni jambo zuri, maana unaona kutu ilipoanzia, unaona ubati wa siku zile ulivyokuwa mnene, na unaona jinsi mlango ulivyofungwa kwa bawaba ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena. Mtoto wa shule atachoka haraka. Fundi atakaa hadi walinzi waanze kupiga funguo.

Ukiwa na siku ya ziada, Jinja iko kilomita 80 mashariki, na ina jumba dogo la makumbusho ya reli lililofunguliwa miaka ya karibuni. Mimi nisingeenda Jinja kwa ajili ya jumba hilo peke yake. Lakini mwezi Julai mji huo huwa na maonyesho ya kilimo ya wakulima wa Uganda, na hapo ndipo mwenye hamu ya trekta ndogo anapopata zaidi ya alichokifuata. Nitayarudia.

Kuna kundi jingine ambalo makala za utalii hulisahau. Wengi wa watu wa Masisi hawako Masisi. Wako Rwamwanja, wilayani Kamwenge, kambi iliyofunguliwa upya mwaka 2012 kupokea waliokimbia vita vya kwetu. Wako Nakivale, Kyaka na Kyangwali. Kwao mpaka umeshavukwa. Hawahitaji pasipoti ya dola 75 wala njia ya Bunagana. Wanahitaji nauli ya basi la ndani na kitambulisho chao cha mkimbizi. Mwalimu wa Rwamwanja akiwachangisha wazazi wa darasa moja na kukodi basi dogo, kila mtoto ataiona Uganda Museum kwa pesa ambayo mtu wa Masisi-Centre anaimaliza kabla hajafika Goma. Katika ulinganisho wote huu, hao ndio wenye bei bora, na wanafunzi huwa na kiingilio chao cha chini, mradi barua ya shule itangulie.

Nairobi inasifiwa kuliko zote, na sifa hizo inazistahili. Tatizo ni umbali: kutoka Kampala ni zaidi ya kilomita 600 nyingine, usiku mzima wa basi na mpaka mmoja zaidi, Busia au Malaba. Anayekwenda kununua vipuri Kirinyaga Road au kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa ameshapata sababu. Mwingine afikiri mara mbili.

Nairobi Railway Museum, karibu na stesheni ya zamani, ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya shirika la reli la Afrika Mashariki. Haina magari mengi ya barabarani, lakini ina mashine ambazo mpenda injini yeyote anapaswa kuziona angalau mara moja. Iko Mount Gelai, namba 5918, moja ya injini za mvuke 34 za aina ya Garratt za daraja la 59 zilizotengenezwa Manchester na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950. Uzito wake ni karibu tani 250, na hakuna reli ya mita moja popote duniani iliyowahi kuwa na injini kubwa kuliko hizo. Simama kando ya gurudumu lake uone linakufikia wapi. Kuna pia behewa ambamo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba usiku wa Juni 1900 pale Kima, akiwa ndiye aliyekuwa na zamu ya kumvizia simba huyohuyo.  Watoto hulikumbuka behewa hilo kuliko Garratt zote, na siwalaumu.

Mpenda trekta ateremke Karen. Nyumba ya Karen Blixen, iliyojengwa mwaka 1912, ilikuwa makazi ya mwandishi huyo wa Denmark toka 1917 hadi 1931, alipokuwa akilima kahawa mahali palipokuwa juu mno kwa kahawa, hadi shamba likamfilisi. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1986. Watalii humiminika kwa ajili ya hadithi ya mapenzi yake na sinema iliyotokana nayo. Nje kwenye nyasi kuna mali ya watu kama sisi: trekta ya kale, jembe la kukokotwa, gari la ng'ombe na mitambo ya kukaushia kahawa. Anayetoka kwenye milima ya Masisi, ambako walowezi walipanda chai, kahawa na pareto, atazitambua mashine hizo kabla hajasoma kibao. Zinafanana na vyuma vilivyolala nyuma ya maghala ya kwetu.

Hapa mlangoni ndipo pesa hupotea kwa uzembe. Majumba ya serikali ya Kenya hupanga wageni katika madaraja: raia, mkazi wa Afrika Mashariki, na mgeni wa mbali. Kwa miaka mingi pengo kati ya daraja la kwanza na la mwisho lilikuwa shilingi 200 kwa 1,200, yaani mara sita. Bei hubadilika, hivyo ulizia ya siku yako. Mpangilio wenyewe ndio wa kukumbuka. Mkongomani akifika dirishani akajieleza kwa Kifaransa, atawekwa bila kuulizwa kwenye daraja la Wazungu. Msalimu mhudumu kwa Kiswahili, toa pasipoti mapema, na umkumbushe kwa upole kwamba Kongo nayo ni mwanachama wa Jumuiya. Si kila dirisha litakubali, kwa kuwa wengine bado wanasoma orodha ya zamani ya nchi wanachama, lakini kuuliza ni bure na tofauti yake ni chakula cha siku. Kampala nako kuna madaraja ya namna hiyo, fanya vilevile.

Kama lengo lako ni magari yanayotembea, Nairobi ina jambo bora kuliko jumba lolote. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Septemba, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong hufanyika shindano la magari na pikipiki za kale zilizotunzwa, lililoanza mwaka 1970. Wenye magari huyafungua boneti wenyewe, na ukimuuliza mzee mwenye Peugeot 404 habari za kabureta yake hatakuachilia hadi jua lizame. Gari hilo lilishinda Safari Rally mara nne, miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, kwa hiyo mzee ana ya kusema. Kiingilio cha siku hiyo ni cha starehe za mjini, si cha makumbusho, jiandae. Bei ya bure kabisa iko barabarani: mbio za magari ya kale za East African Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003, hupita kwenye vumbi la vijijini, na mtazamaji wa kando ya njia halipi kitu.

Sasa trekta ndogo, zile za bustani na shamba la familia. Katika majumba ya makumbusho ya ukanda huu ni chache mno, na zilizopo ni za walowezi. Maarufu kuliko zote ni Ferguson TE20, ile ndogo ya kijivu iliyotengenezwa Coventry kati ya 1946 na 1956, zaidi ya nusu milioni. Edmund Hillary aliziendesha Ferguson za ukoo huo kwenye barafu hadi Ncha ya Kusini ya dunia, akafika Januari 1958. Anayetaka historia hiyo ataipata vizuri Ulaya. Lakini ninavyowajua wasomaji wangu, wengi wanaouliza habari za trekta ndogo hawatafuti historia. Wanataka kujua kama kitu kile kingeweza kulima kwao. Mtu huyo asiende makumbusho. Aende kwenye maonyesho ya kilimo.

Tanzania ina Nane Nane kila Agosti, kwenye viwanja vya Nzuguni Dodoma, Themi Arusha, John Mwakangale Mbeya na Morogoro. Kenya ina maonyesho ya Nairobi pale Jamhuri Park, yanayoandaliwa na chama cha kilimo kilichoanza mwaka 1901. Uganda ina hayo ya Jinja. Kiingilio ni cha wananchi, mashine zinawashwa mbele yako, na muuzaji ana hamu ya kukujibu kuliko mlinzi yeyote wa makumbusho. Utaona pawatila za magurudumu mawili, zile za kushika mikono nyuma, zikipigwa bei kando ya trekta kamili. Jambo moja ulichukue kwa Watanzania: baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009 pawatila zilienea vijijini, na nyingi zikaishia kuvuta tela la mchanga na mazao badala ya kulima, kwa sababu udongo mgumu ulizishinda au kwa sababu tela lilileta pesa ya kila siku. Na huko ni tambarare. Mlima wa Masisi ambako ng'ombe mwenyewe hutembea kwa kuegemea si mahali pa kuingiza pawatila kabla hujaiona ikipanda mteremko. Mwambie muuzaji aipandishe. Akikataa, umepata jibu lako kwa bei ya kiingilio.

Dar es Salaam ina sababu yake maalumu. Magari mengi ya mkono wa pili kutoka Japani yanayofika Kivu hupita bandari ile, na mtu anayekwenda kuchukua gari lake hukaa siku kadhaa akisubiri karatasi za forodha. Siku hizo ndizo za kuitembelea Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Ilifunguliwa mwaka 1940. Ndani kuna magari ya viongozi, na kubwa lao ni Rolls-Royce iliyowatumikia magavana wa Kiingereza kisha Mwalimu Nyerere. Kuitazama ile Rolls-Royce huku ukijua kwamba mwenyewe aliishi kwa kubana matumizi ni somo ambalo kibao hakikuandikiwa. Gharama ya ziada kwa mnunuzi wa gari ni nusu siku na tiketi. Kwa asiye na gari la kuchukua, Dar ni mbali mno. Ukipitia Kigali na Rusumo, hata basi lisilolala halikufikishi kwa siku moja.

Kigali usiipangie chochote katika jambo hili. Ni mji wa kupita vizuri, wa kulala salama, lakini majumba yake yana mambo mengine.

Tumgeukie mtu wa Walikale, ambaye mpaka sasa amesoma habari za watu wengine. Njia yake ni barabara ya taifa namba 3, inayotoka Bukavu, ikapita Hombo na Walikale, ikaendelea Lubutu hadi Kisangani. Kwenye barabara hiyohiyo, pale Kilambo, kipande cha lami kiligeuzwa kuwa kiwanja cha ndege: pikipiki na watembea kwa miguu walisogea pembeni, ndege ikatua barabarani, ikapakia madini ya bati kutoka mgodi wa Bisie, ikaruka. Nyingi za ndege hizo zilikuwa Antonov na Let za enzi ya Kisovieti. Wazungu hulipa kiingilio kuona ndege kama hizo zimesimama. Watu wa Walikale walizikimbia zikitua. Nalisema kwa utani, lakini pia kwa uchungu kidogo.

Mwalikale anayefika Kisangani kwa biashara ataikuta historia ya usafiri bila lango. Reli ya Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906 ili mizigo ipite kando ya maporomoko ya mto. Treni ni ya kubahatisha, lakini reli haitozi kuitazama. Kutoka hapo, Kinshasa ni ndege au siku nyingi za mto. Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini kwa dola milioni 21 na kufunguliwa Novemba 2019, ni mazuri kweli, na kila Mkongomani akiwa Kinshasa aende. Ila si ya magari. Ni ya vinyago, vyombo vya muziki na mila. Ukimwambia fundi wa Mubi apande ndege kwa ajili ya hayo, atakuwa na haki ya kukuuliza una udugu na nani kwenye shirika la ndege.

Waliobaki ni ndugu zetu wa Ubelgiji, wanaotutumia picha. Wao wako kwenye utajiri. Autoworld ya Brussels, katika Parc du Cinquantenaire, ilifunguliwa mwaka 1986 na ina magari zaidi ya 200, mengi yakitoka kwenye mkusanyo wa Ghislain Mahy, mtu aliyenunua magari mabovu maisha yake yote. Ukitoka hapo, tramu namba 44 kutoka Montgomery inakufikisha Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika yaliyofunguliwa upya Desemba 2018. Ni siku moja, tiketi mbili, na usafiri wa mjini. Kwa aliyeko huku, habari ni nyingine: viza ya Schengen pekee ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hurudishiwi. Yaani unaweza kulipa zaidi ya mtu aliyeingia Autoworld mara kadhaa, na usione hata tairi. Kama ndugu yako yuko huko, mwombe apige video akitembea polepole, na asiongee juu ya injini.

Inabaki njia isiyo na nauli. Kuanzia mwaka 1928, shirika la kikoloni la Comité National du Kivu liligawa ardhi kwa walowezi, na Masisi ikajaa mashamba makubwa yenye ng'ombe, chai na pareto. Tangazo la Rais Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973 likayaondoa mashamba na biashara za wageni mikononi mwao. Vipuri vikakoma kuja, na vita vilivyofuata vikamaliza kilichobaki. Kamyo za Mercedes zenye pua, Land Rover za misheni na trekta za mashambani ziliachwa pale zilipozimika. Sipringi zikafuliwa kuwa panga na majembe, matairi yakakatwa kuvisha magurudumu ya chukudu. Hata chukudu yenyewe, iliyozaliwa mkoani kwetu miaka ya 1970, inastahili kutazamwa kwa jicho la makumbusho: mti wa mumba na mkaratusi, mpira kidogo, na mzigo wa mamia ya kilo unaoteremka hadi Goma bila tone la mafuta. Mafundi wake wako Sake na kando ya njia za milimani. Ukitaka kuwaona wakichonga, zawadi ya soda inatosha, na hilo ndilo chaguo la bei ndogo kuliko yote niliyoyataja.

Kwa hiyo kama una pesa ya safari moja na unatoka Masisi, ifanye iwe Kampala, na uipange Julai ili Jinja iwe ndani yake. Kama uko Walikale, subiri biashara ikupeleke Kisangani au Kinshasa. Usiifuate mashine peke yake. Na kama nyuma ya nyumba yenu au kwenye uwanja wa misheni kuna trekta au kamyo ya kale, usikubali mnunuzi wa chuma chakavu aikate kabla hujafanya mambo mawili: ipige picha pande zote, kibao cha kiwanda kikisomeka, kisha mtafute mzee aliyewahi kuiendesha, uandike jina la shamba, mwaka ilipofika na siku ilipozimika. Anayelipa kwa kilo hataki habari hizo, lakini jumba la makumbusho likifunguliwa Goma siku moja, hicho ndicho kitu cha kwanza watakachokuuliza.